Shanga za Ukoo Wetu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Naandika nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umekaa kitini, na kama itakukuta umelala, basi uwe umelala kwa kupenda wala si kwa kulazimishwa na goti. Habari za goti lenyewe? Habari za macho, na za yule jirani mwenye jogoo asiyejua saa? Mimi sijambo, kwa kiasi ambacho mzee anaweza kujisifu. Nakula, nasoma, nakohoa kidogo asubuhi, na ngazi za kupanda chumbani kwangu zimezidi kuwa nyingi, ingawa mwenye nyumba anakana kuziongeza. Bado nakaa palepale, juu ya duka la miwani, na dirisha langu bado linatazama yadi wanamooshea mabasi.

Mjukuu wetu hajambo. Najua hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta ukaruka salamu zangu zote, basi rudi juu uzisome. Hajambo kwa kweli, si hajambo ile ya kwenye simu. Juzi alipanda ngazi hizohizo ninazozilalamikia bila kupumzika katikati, akanisubiri juu mlangoni, akaniuliza kama nimelala njiani. Mtoto aliyekuja hapa akibebwa mgongoni na baba yake kutoka kwenye teksi mpaka kitandani leo anamcheka babu yake ngazini. Madaktari wamesema mwezi ujao anaweza kurudi nyumbani.

Barua yako nimeipata na nimeisoma yote, pamoja na pale ulipokandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Umenishukuru kwa kumtunza mtoto. Hilo nimelipokea, ingawa hakuna anayeshukuriwa kwa kulisha damu yake. Kisha ukaja kwenye la pili, la mke wa mwanao. Umeniambia kwamba aliaga anakwenda kumuuguza shangazi yake, ukatuma mtu akaulize, na shangazi mwenyewe akakutwa anapalilia, akashangaa kuambiwa kwamba yuko mahututi. Umeniambia amerudi amekonda, anatembea kama aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni, mkono mmoja haubanduki tumboni, na kwamba wewe uliyezaa watano huhitaji kufundishwa maana ya mwanamke kupotea kwa miezi akarudi ameshika tumbo. Umesema ukimweleza mwanao anainamisha kichwa tu, amekuwa kama friji anazotengeneza: ukimfungua baridi, ukimfunga kimya. Kwa hiyo unaniomba mimi, mjomba mtu, mwanamume pekee aliyebaki wa nyumba yetu, nimwandikie neno moja kwamba ampe talaka yule Mama Karai kabla mtoto hajarudi, ili asimkute tena nyumbani.

Nitakujibu, na nitakujibu wazi. Lakini jibu langu limeanzia mbali, na nakuomba univumilie kama ulivyonivumilia tulipokuwa wadogo, nilipokuwa siwezi kusimulia safari ya dukani bila kuanza na rangi ya mbingu.

Unamkumbuka kitinda mimba wetu. Sijui kama yupo mtu mwingine hai anayemkumbuka isipokuwa mimi na wewe. Tulimwita Shanga kwa sababu ya vile vinundu vya manjano vilivyomtoka viwikoni na magotini na katikati ya vidole, vimepangana kana kwamba vimetungwa. Baba naye alikuwa navyo, ila vyake vilijificha: visigino vilivyonenepa kwa nyuma, na madoa ya rangi ya siagi kwenye kope. Mama na binamu zake kadhaa vilevile, maana baba na mama walikuwa watoto wa ndugu. Kwetu sisi huo haukuwa ugonjwa. Bibi alisema ni dhahabu ya ukoo iliyokosa mfuko ikajiweka chini ya ngozi, na ilipokuja habari ya kuoa, wazee wetu walitazama visigino vya binti kabla ya uso wake. Mimi nilizaliwa na visigino vitupu. Wewe, Dada, hukuniachia: ulisema niliokotwa jalalani nikabandikwa kwenye ukoo kama kiraka kwenye suruali. Nililia siku nzima, na Shanga akanibembeleza kwa kuniahidi kuniazima vyake.

Alianguka akikimbiza ringi ya baiskeli. Hakuwa ameugua, hata kikohozi. Daktari hakuitwa kwa sababu hapakuwa tena na wa kutibiwa. Wengine walisema ni jua, wengine wakasema ni jicho la mtu. Kisha baba akamfuata, ameinama anafunga kamba za viatu, ndevu zake hazina mvi hata moja. Tuliwazika wawili hao na dhahabu yao, na hakuna aliyejiuliza swali, kwa kuwa mtu haishuku fahari yake.

Mimi nikaondoka. Namna nilivyoondoka unaijua, sina haja ya kuirudia: nilidhani ni kwa msimu mmoja, mlango ukafungwa nyuma yangu, na siku nilipopata ruhusa ya kurudi nyumba yetu ilikuwa na watu wengine, nami nilishazeeka kiasi cha kuogopa kubisha hodi kwenye mlango nilioutengeneza bawaba. Nilipata kazi ya ufundi wa maabara kwenye chuo cha utabibu, katika chumba cha chini ya ardhi, nikakaa humo mpaka nilipostaafu. Nilipokuandikia kuhusu kazi hiyo ulinijibu kwamba umefurahi kusikia ndugu yako amekuwa muuza maini. Hukuwa mbali na kweli. Asubuhi nilipokea maini ya sungura yamefukiwa kwenye barafu, nikayakatakata, nikayasaga kwenye kinu cha kioo, nikayatia kwenye mashine inayozunguka kwa kasi mpaka kizito kikajitenga na chepesi. Kilichobaki chini ya kichupa, kama ukoko mwembamba wa uji, ndio uliokuwa utando, yaani ngozi za seli za ini. Huo ndio tuliokuwa tukiutafuta.

Nataka nikueleze tulichokifanya na utando huo, kwa sababu bila hilo barua hii itakuwa maneno matupu. Damu ni maji, Dada, na mafuta hayaendi na maji. Hilo unalijua tangu ulipoanza kuosha masufuria. Kwa hiyo mwili huyafunga mafuta, na kolesteroli ikiwemo, katika mafurushi madogo yaliyozungushiwa protini, na wataalamu huyaita lipoproteini. Mafurushi hayo husafiri katika damu kupeleka mzigo unapohitajika, maana kolesteroli si sumu: kila seli hujijengea nayo. Lakini mzigo unaobaki lazima uondolewe barabarani, na muondoaji mkuu ni ini. Juu ya ngozi ya kila seli ya ini zimesimama protini, nusu ndani, nusu nje, mfano wa mikono iliyotolewa dirishani. Mkono hulitambua furushi kwa kupapasa kile lilichozungushiwa, na ukilitambua hulishika. Mikono iliyoshika hukusanyika kwenye kishimo, kishimo huzama ndani na kufumba mdomo. Humo ndani mna uchachu, na uchachu hulegeza vidole. Furushi huachwa likafunguliwe, na mkono mtupu hurudi dirishani kusubiri jingine. Ni dakika chache tu, na kazi hiyo haikomi. Nimewahi kufanya kazi na makuli wa kila aina, lakini sijaona wanaorudi upesi hivyo bila kuomba sigara.

Kazi yangu ilikuwa kupima mikono hiyo inashika kwa nguvu gani. Nilichanganya utando na mafurushi tuliyoyatia alama hafifu ya mionzi, nikasubiri, nikaosha kwa maji baridi, kisha mashine ikanionyesha ni kiasi gani kimebaki kimeshikwa. Nikiyaondoa madini ya chokaa kwenye maji, mikono yote iliachia kwa pamoja. Nikiyarudisha, ikashika tena. Niliyafanya hayo mpaka nikawa nayafanya huku nikifikiri mambo mengine, nyumbani hasa. Na katika miaka yote hiyo sikumfikiria Shanga hata mara moja pale kwenye meza ile. Maini yalikuwa ya sungura, na Shanga alikuwa wa kwetu.

Ndipo ukaniletea picha. Mjukuu wetu amevaa sare, ameinua zawadi ya shule kwa mikono miwili, viwiko vinaitazama kamera. Nyuma ya picha uliandika kwamba dhahabu imerudi. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa na utando ukatanda juu yake, kisha nikapiga ile simu uliyosema ilikutia hofu kwa kuwa sikukutania hata kidogo. Nilikuomba apimwe damu. Ukampeleka, na kwa hilo sitaacha kukushukuru, kwa sababu wakati huo mtoto alikuwa ameshaanza kushika kifua akipanda kilima cha shule, na nyinyi mkidhani ni uvivu.

Daktari wa huko alikwambia kwamba mafuta yamezidi kwenye damu. Hakukudanganya, ila aliishia njiani. Nawe uliposikia mafuta ulimtafuta aliyeyatia, na hukuhitaji kutafuta mbali: mke wa mwanao anakaanga viazi na samaki kwenye kantini ya shule, anarudi nyumbani sweta linanuka karai, na tangu siku aliyoolewa ulikuwa umeshampa jina. Ulimwambia mbele ya watu kwamba amemkaanga mjukuu wako akiwa hai. Ukamchukua mtoto ukaenda kukaa naye, ukamkataza kula chochote kilichoguswa na mkono ule, hata maji. Ukamchemshia kila kitu. Hakuna yai, hakuna maziwa, hakuna nyama. Mtoto akawa mwembamba kama ufito, na shanga zikaendelea kuota.

Dada, hukukosea kwa kukosa mapenzi. Kama mapenzi yangetosha, mtoto angepona kwa zile supu zako peke yake. Lakini lazima nikwambie ambalo daktari hakulimaliza. Mafuta yale mengi hayakutoka kwenye sahani. Mwili wenyewe huyatengeneza, hata wa mtu anayekula majani. Kilichopungua kwa mtoto ni mikono ya kuyaokota. Kila mmoja wetu ana ramani mbili za kutengenezea mikono hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Aliyerithi moja mbovu ana nusu ya mikono inayofanya kazi. Ataishi, atazaa, ila moyo wake utazeeka kabla yake. Ndivyo alivyokuwa baba. Aliyerithi zote mbili mbovu hana kitu. Ndivyo alivyokuwa Shanga, na ndivyo alivyozaliwa mjukuu wetu. Nimeyasoma majibu yake kwa macho yangu, na nimeyaelewa kuliko nilivyotaka. Mikono imo kwenye maini yake, imesimama dirishani kama inavyopasa, lakini vidole havifungi. Dawa ambazo watu wengine hupewa kazi yake ni kuita mikono zaidi, na kuita mikono zaidi isiyoshika ni kazi bure.

Mwanao ana ramani moja mbovu, na aliipata kwako. Ya pili mtoto aliipata kwa mama yake, binti wa binamu yetu, uliyemchagua wewe mwenyewe kwa visigino vyake ili damu isitawanyike, na ambaye alianguka akianua nguo wakati mtoto ndiyo kwanza anajifunza kusema. Sikwambii haya ili nikulaumu. Ningekuwepo na mimi ningeshangilia harusi ile na kuimba kwa sauti mbovu kuliko wote. Nakwambia kwa sababu umekuwa ukitafuta aliyeleta mafuta ndani ya nyumba, na aliyeyaleta ni sisi. Nawe mwenyewe nenda ukapimwe, na wanao wote. Kwa mwenye nusu, dawa zinasaidia sana.

Mtoto alipofika hapa na baba yake, kwanza walimuunga na mashine inayochuja damu, inatoa kwenye mkono huu na kurudisha kwenye mkono ule. Alitulia, akisoma vitabu vyangu na kunisahihisha matamshi, maana anasema naongea kama redio ya zamani. Lakini mashine ni kukinga maji yanayovuja darini, dari lenyewe hujalitengeneza. Madaktari wakasema dawa ya kweli ni moja: apewe ini lenye mikono inayoshika. Si lazima liwe zima. Kipande kinatosha, kwa kuwa ini huota tena, kwa aliyepewa na kwa aliyetoa.

Mwanao alivua shati palepale. Walimpima, wakamkatalia kwa upole: kumpa mtoto ini la nusu mikono ni kumbadilishia deni. Nilipimwa na mimi, nikakutwa sina kasoro yoyote, ramani zote mbili safi. Yule mtoto wa kuokotwa jalalani ndiye aliyekuwa mzima. Nilifurahi kama mjinga kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji. Kisha daktari mpasuaji, mwanamke kijana anayevaa viatu vya mpira vya bluu, akanitazama nywele na kuniambia kwamba kwa umri wangu ini langu libaki na mimi, tumeshazoeana. Mwanao akarudi kazini maana likizo yake iliisha. Nikakaa na mtoto, na kila asubuhi nikitazama rangi ya midomo yake kabla ya kumwamkia.

Halafu nikakupigia simu kwamba amepatikana mtu. Uliuliza ni nani, wa ukoo gani, ni mwanamume au mwanamke, ni mcha Mungu au la. Nilikujibu kwamba huyo mtu hataki kutajwa. Ulisema basi Mungu anamjua, na ukaanza kumwombea kila siku. Kwenye barua hii ya mwisho umeniambia kwamba unamtaja kabla ya wanao wa kuwazaa.

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye korido yenye mstari wa kijani sakafuni unaoelekea vyumba viwili vilivyopakana. Mlango mmoja ulifunguka, akatoka muuguzi na beseni lililofunikwa, akaingia mlango wa pili. Hatua chache tu. Nimeshika maini maisha yangu yote, lakini nilisimama lilipopita lile, kama mtu anavyosimama jeneza likipita, ila hili lilikuwa linakwenda upande mwingine. Wiki haikuisha kabla hawajapima damu ya mtoto. Yule daktari wa viatu vya bluu aliniletea karatasi yeye mwenyewe, na kwa kuwa anaijua kazi niliyokuwa nikiifanya hakunieleza kitu, alinipa tu nisome. Mikono ilikuwa inashika. Nililia mbele ya yule binti wa watu. Siku hizi vinundu vya viwiko vimeanza kulegea. Ukivibonyeza vinakubali, kama sabuni iliyokaa majini.

Sasa, Dada, nakaa vizuri kitini, nawe fanya hivyohivyo.

Mtu huyo ni mke wa mwanao.

Shangazi yake hakuwa anaumwa, kama ulivyogundua. Alikuja hapa. Alibisha mlango wangu akiwa na begi moja, na kabla hajasema jina nilimjua kwa harufu ya sweta. Nilimpa kitanda changu, mimi nikalala kwenye kiti, naye akanigombeza kwa hilo kila siku. Aliniambia kwamba alikwishapimwa huko nyumbani kwa siri, kundi la damu yake linapatana na la mtoto, na kwamba amekuja kutoa akitoka apate basi la kumrudisha, kana kwamba amekuja kurudisha sufuria la kuazima. Madaktari hapa walimkalisha peke yake, zaidi ya mara moja, wakamuuliza kama kuna aliyemlazimisha, maana si mtoto wake wa kumzaa. Aliwajibu kwamba kila siku anakaangia shule nzima ya watoto asiowazaa, hawa wanaona ajabu gani kwa mmoja? Waliposoma majibu ya damu yake walimuuliza anakula nini. Akasema kinachobaki kwenye karai. Damu yake, Dada, ni safi kuliko ya mwanao, kuliko ya kwako, kuliko ya yeyote katika ukoo wenye dhahabu.

Sharti lake lilikuwa moja: wewe usijue. Alituapisha, mimi ana kwa ana na mumewe kwa simu, kabla hajaingia kwenye chumba cha upasuaji. Nilimwambia kwamba dada yangu ni mkali lakini si mbaya. Akasema: mjomba, mama hataki nimguse mtoto hata kumsuka nywele, akisikia nataka kumtia nyama ya tumbo langu, atakuja hapa kwa miguu kumrudisha. Nilikumbuka barua zako, nikaapa. Kwa hiyo kile kimya cha mwanao ulichokiita baridi ni kiapo. Amekusikia ukimtukana mkewe, naye anajua ukweli, akanyamaza kwa kuwa mkewe mwenyewe ndiye aliyemfunga ulimi. Sijui kama mimi ningeweza.

Haikuwa kazi rahisi kwake. Kidonda kilivuja nyongo kwa ndani, akapata homa, na kwa siku kadhaa nilimtembelea yeye kwanza ndipo nimtembelee mtoto, kwa sababu habari njema ya mtoto nilikuwa nayo, ya kwake sikuwa nayo. Alipopata nafuu tulimsukuma mtoto kwenye kiti cha magurudumu mpaka kitandani kwake. Wewe hukumwambia mtoto kitu ila kwamba mikono ile ni sumu, na kwa muda alikaa akiitazama ilivyolala juu ya shuka. Kisha akauliza kama sasa na yeye atajua kukaanga. Mama yake akamwambia hapana, hilo limo mikononi, itabidi aje ajifunze. Nimeandika mama yake, na sitafuta.

Aliondoka kabla ya kupona vizuri, kwa kuwa kantini ingempa mtu mwingine nafasi yake. Alipofika akakuta unamsubiri na ulichomsubiria nacho. Tumbo analolishika, Dada, lina mshono kutoka chini ya kifua kushuka mpaka kitovuni. Hakutoa mimba ya mtu. Alitoa kipande cha ini lake, na kipande hicho kitarudi nyumbani kwako mwezi ujao, kimevaa sare, kinakimbia.

Hajanifungua kiapo. Aliponiaga alisema mtoto akirudi ukamwona anakimbia, hapatakuwa na haja ya mtu kujua chochote. Nimekivunja bila idhini yake, na kuvunja kiapo katika umri huu si jambo dogo. Nitalijibu mwenyewe, hapa au huko tuendako. Lakini uliniomba neno langu, na neno uliloniomba lingemtoa nyumbani mtu ambaye unamwombea kila siku. Silitoi. Nimemwandikia mwanao kwamba mjomba wake hana talaka ya kumshauri, na kwamba akinyamaza tena mbele ya matusi yatakuwa ni makosa yake, si kiapo.

Nisalimie wanao wote na wajukuu, nisalimie majirani wanaonikumbuka, na wale wasionikumbuka waambie nipo. Mtoto anakusalimu sana; anasema umwandalie yai. Mwanao nishamsalimu kwa barua yake. Mkewe sitamwandikia, wala usimtumie mtu salamu zangu. Mpelekee wewe. Anamaliza kazi baada ya watoto kula mchana, na hutokea mlango wa nyuma wa kantini. Ukichelewa kidogo usijali, utamkuta njiani, maana bado anatembea polepole.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni maji ya mvua yalipojaa.